Vishikwambi vifuatwe na umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni juu ya vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022, ambavyo baadaye tulikabidhiwa walimu.

Kwanza tunashukuru. Siku niliyowaonyesha watoto wa darasa la tano jinsi moyo unavyosukuma damu, hata wale wasiouliza kitu walinyoosha mikono.

Shida ni umeme. Umefika kijijini, lakini nguzo ya mwisho imeishia madukani. Kila jioni nakwenda huko kuchaji kwa fedha yangu. Kikizimika katikati ya somo, narudia chaki. Tena kioo chake ni kidogo. Watoto 80 wanatazama kwa zamu, kumi kumi, na kipindi cha dakika 40 kinakwisha kabla wa nyuma hawajaona kitu.

Nashauri nguzo zifikishwe shuleni, na masomo yawekwe ndani ya kishikwambi yasitegemee bando. Wazazi wako tayari kuchimba mashimo ya nguzo. Chombo bila umeme ni jembe bila mpini.

Mwalimu wa Kijijini,
Handeni.