Vigongeo vya Morse na Redio za Kale: Jinsi ya Kuvikusanya na Kuvisoma

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi ya kukusanya vigongeo vya Morse na mitambo ya kale ya redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaowasiliana kwa mapenzi yao bila kutafuta faida. Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusu lugha kwa njia gani. Jibu letu ni kwamba kigongeo ni chombo cha kuandikia kama kalamu ilivyo, na kinapoyeyushwa unapotea pamoja nacho ushahidi wa jinsi watu walivyoandika kwa umeme.

Kwanza tuseme neno juu ya jina. Waingereza hukiita chombo hiki "ufunguo", jina ambalo kwetu humfanya mtu afikirie kufuli. Neno "simu" asili yake ni Kiajemi, ambako sim ni waya, nalo lilitaja telegramu kabla ya kutaja mazungumzo ya mdomo. Kwa kuwa simu hiyo ilipelekwa kwa kugongagonga, tunapendekeza neno kigongeo.

1. Alama na gharama yake

Tarehe 24 Mei 1844 Samuel Morse alipeleka ujumbe kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore. Mwenzake, Alfred Vail, alichangia sana katika kuunda mitambo. Alfabeti yao ilirekebishwa na Mjerumani Friedrich Clemens Gerke mwaka 1848, na kutokana na marekebisho hayo ikapatikana alfabeti ya kimataifa iliyokubaliwa Paris mwaka 1865.

Kipimo chake ni nukta. Kistari kina urefu wa nukta tatu. Kati ya alama za herufi moja pana kimya cha nukta moja, kati ya herufi tatu, na kati ya maneno saba. Herufi zilizo nyingi katika Kiingereza zilipewa alama fupi. Basi tuzipime irabu zetu: E ni nukta 1, I ni 3, A ni 5, U ni 7, na O ni 11. Katika Kiswahili herufi inayotokea mara nyingi kuliko zote ni A, lakini hiyo inagharimu mara tano ya E. Neno "na" peke yake lahitaji nukta 13. Kama alfabeti hii ingetungwa katika kiwanda cha uchapaji cha Kiswahili, bila shaka nukta moja ingekuwa ya A.

Hata hivyo, Morse inatufaa kwa jambo ambalo ngoma haiwezi kulifanya. John Carrington, katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema, alieleza kwamba ngoma ya Walokele wa pande za Kisangani hubeba toni za lugha, wala si herufi. Kiswahili sanifu hakitofautishi maneno kwa toni. Kwa hiyo hakiwezi kupigwa kwa njia hiyo. Lakini kwa kuwa kinaandikwa kwa herufi, chaweza kugongwa.

2. Kukisoma kigongeo

Kigongeo cha kawaida kina wenzo, springi, kirungu cha kushikia na ncha mbili zinazogusana. Mkusanyaji huanza kwa kutazama ncha hizo. Zikiwa kubwa na nene, huenda kigongeo kilitumika katika redio za kwanza za cheche, ambamo umeme mwingi ulipita hapohapo mkononi pa mpigaji.

Kisha hutafuta kiwenzo kidogo cha ubavuni. Nyaya za Marekani zilipitisha umeme wakati wote, kwa hiyo aliyemaliza kugonga alipaswa kuufunga mzunguko ili wenzake waweze kupeleka ujumbe. Ulaya umeme ulipita wakati wa kugonga tu, na kiwenzo hicho hakikuhitajika. Kinaonekana pia katika J-38, kigongeo cha jeshi la Marekani cha Vita vya Pili vya Dunia, ambacho wakusanyaji wengi huanzia hapo.

Kugonga mchana kutwa kuliwaumiza wapigaji mkono. Horace Martin alipata hataza mwaka 1904 ya kigongeo cha Vibroplex, ambacho wenzo wake husukumwa kando: upande mmoja chuma hutikisika na kutoa nukta zenyewe, na upande mwingine mpigaji hutengeneza vistari kwa mkono. Vigongeo hivyo vina kibati chenye namba, na kwa namba hiyo mwaka wa kutengenezwa hukadiriwa.

3. Kuhifadhi

Hapa tuna kosa letu wenyewe la kuungama. Tulinunua kigongeo kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, aliyekipima kwa kilo kama shaba nyingine yoyote. Kwa furaha tukakisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikang'aa. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mpiga simu alipokishika aliuliza, "Na namba iliyokuwa hapa chini, mwanangu, iko wapi?" Ilikuwa imeandikwa kwa rangi, nasi tulikuwa tumeifuta. Tangu hapo hatuwezi tena kujua kilitoka ofisi gani. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: piga picha, nakili kila alama, andika jina la kituo na maneno ya aliyekuuzia, ndipo upanguse vumbi kwa kitambaa kikavu.

Redio za lampa zahitaji hadhari zaidi. Ndani yake mna volti mamia kadhaa, na kapasita zaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Asiyeijua kazi hiyo asiifungue.

Hitimisho

Tangu tarehe 1 Februari 1999 meli hazilazimiki tena kutumia Morse kuomba msaada, na mwaka 2003 mkutano wa Geneva uliondoa sharti la kimataifa la kuijua kwa watu wa redio ya ridhaa. Wapo bado wanaoigonga kwa hiari. Lakini wale walioigonga kwa mshahara wanapungua kila mwaka, na vyombo vyao vinaishia kwenye mizani. Tunawasihi wanafunzi wetu waende kwa wazee wa posta na wa reli, wakiwa na daftari, wakaulize namba ilikuwa wapi kabla haijafutwa.