Kuwa na Bunduki Mob Si Mkusanyiko: Hii Ndio Tofauti, na Ushahidi Uko Hapa Tao

Lazima ushaona hizo video za wasee wa Marekani. Jamaa anafungua mlango wa stoo, taa zinawaka, na ukuta mzima ni bunduki zimepangwa kama viatu za Gikomba. Kila mtu anashangaa. Lakini kuna swali hakuna mtu huuliza: huyu jamaa ana mkusanyiko, ama ana rundo la chuma limepangwa vizuri tu?

Hilo swali si la Marekani peke yake. Jibu liko hapa Nairobi, mahali unapita kila siku ukikimbizana na mat. Na nikuambie mapema, jibu si idadi. Pia si bei. Unaeza kuwa na bunduki mia na zibaki kuwa rundo, na mwingine awe na tatu ambazo zinakufunza nchi nzima.

Twende polepole.

Kwanza tumalizane na sheria

Kenya bunduki si kitu ya kuokota kama stempu ama vifuniko vya soda. Sheria ya Silaha, ile Sura ya 114, inasema raia hawezi kuwa na bunduki bila cheti. Kuna Bodi ya Leseni za Silaha, na lazima uonyeshe sababu ya maana. Kutaka tu ukuta wako ukae fiti si sababu. Kila bunduki inaandikwa: ni ya aina gani na iko mkononi mwa nani. Na hata ukishapewa, usidhani ni ya milele. Mwisho wa 2018 serikali iliambia raia wote wenye laiseni warudi wakapigwe msasa upya.

So ukichimba shamba la guka upate mchuma umezikwa huko, usijiite mrithi. Usiiguse, itia polisi. Hiyo si antiki bado, hiyo ni kesi.

Lakini shika hiyo maneno ya *kuandikwa*. Tutaikuta tena mbele, juu ndio ufunguo wa story yote.

Rundo linakaa hivi

Panda mat za 111, fuata Ngong Road, pita Dagoretti Corner, pita Karen, shuka Ngong. Huko ndio serikali ilichoma bunduki 5,250 mnamo Novemba 2016. Juni 2021 ikarudi huko huko na zingine 5,144. Piga hesabu: 10,394. Zote haramu, zingine zimetolewa mikononi mwa wahalifu, zingine watu wamezisalimisha wenyewe.

Kwa idadi, hakuna jamaa wa video anaweza kaa karibu na hapo. Lakini hakuna mtu aliita ule mlima wa chuma mkusanyiko. Mbona?

Juu hazikuwa zimekusanywa kwa ajili ya kujua kitu. Zilirundikana tu. Labda kuna moja hapo ilivuka mpaka mara tatu, ikabadilishwa na ng'ombe, ikaishia kwa mgondi wa Eastlands. Labda kuna moja iliacha mathe fulani bila kijana wake. Hatutajua. Story ziliyeyuka na chuma.

Na ni vizuri zilichomwa. Bunduki isiyojulikana ni ya nani ina kazi moja tu, na mtaani tunaijua hiyo kazi. Tushazika watu.

Bunduki tatu zinazojibu swali moja

Sasa geuza, rudi tao.

Anza Kenyatta Avenue, kwa ile sanamu ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, imesimama hapo tangu 1928. Wengi hupita bila kuinua macho. Simama uangalie. Kuna askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku kwetu, na ako na bunduki. Lakini kuna mwenzake ambaye hana. Huyo ni mbeba mizigo wa Carrier Corps. Walichukuliwa kwa maelfu wakabebe chakula na risasi za vita isiyo yao, na wengi hawakurudi. Kariokor unayoijua, ile ya choma na sokoni, jina limetoka kwao.

Tembea dakika chache hadi Kimathi Street. Hapo kuna Dedan Kimathi, bunduki mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto. Watu hupiga picha, wanaendelea na safari. Lakini unajua alinyongewa nini? Alishikwa Oktoba 1956, akapelekwa kortini Nyeri, na shtaka lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi bila ruhusa. Hiyo tu ilitosha. Wakati wa Hali ya Hatari, bunduki mkononi mwa Mwafrika asiye na kibali ilikuwa tiketi ya kamba. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu ikazinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili.

Ya tatu si sanamu. Ni zile bunduki wapiganaji wa Mau Mau walijitengenezea. Ukizicheki mara ya kwanza unaeza cheka: bomba la maji ndio mtutu, mbao imechongwa kwa mkono, komeo la mlango ndio nyundo ya kugonga risasi, na mpira umevutwa ndio springi. Jua kali kabla jua kali ipewe jina. Ilikuwa inaweza kulipukia mwenye kuishika usoni, na bado alishika.

Sasa ziweke hizo tatu pamoja kichwani. Moja umepewa na mkoloni ukampiganie. Moja unanyongwa ukipatikana nayo. Moja umejitengenezea juu hakuna mtu angekupea. Na kando yao yule mbeba mizigo, mikono bila silaha. Zote zinajibu swali moja: nani alipewa bunduki, nani alinyimwa, na nani alikataa kunyimwa?

Tena zinaungana kwa damu. Waruhiu Itote, yule General China, alipigania Waingereza huko Burma kwa Vita ya Pili akiwa King's African Rifles. Alirudi nyumbani, na miaka michache baadaye akaingia msituni kupigana na hao hao waliomfunza kulenga.

Ona hiyo sasa. Hapo ndio rundo hugeuka mkusanyiko. Mkusanyiko una swali. Rundo lina idadi tu. Ndio maana wakusanyaji wa ukweli, hata wa huko ng'ambo, hawaokoti kila kitu. Mtu anachagua kiwanda kimoja, ama vita moja, ama aina moja ya bunduki na mabadiliko yake yote kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ukitoa moja, unaona pengo. Ukitoa moja kwa rundo, hakuna mtu atajua.

Karatasi ndio inabeba kila kitu

Tuingie Karen kidogo, kwa ile nyumba ya Karen Blixen. Yeye alikuja Kenya 1914, akaondoka 1931, na nyumba ikawa makumbusho 1986. Ndani kuna vitu vya zamani za ukweli, na kuna vingine vilitumika kwa filamu ya *Out of Africa* ya 1985. Simama katikati ya chumba ujaribu kutofautisha kwa macho. Bahati njema. Kiti ni kiti. Kitu pekee kinaweza kukuambia ni kipi kiliishi na kipi kiliigiza ni rekodi: kilitoka wapi, kilikuwa cha nani, kilifika lini.

Bunduki ni vivyo hivyo, na hapo ndio doh nayo huingia. Theodore Roosevelt alimaliza urais wa Marekani 1909 akatua huku kuwinda. Yeye na kijana wake Kermit waliangusha wanyama 512, na yeye mwenyewe ndio aliandika hesabu. Bunduki yake kubwa ya Holland & Holland ilikuwa zawadi kutoka kwa Waingereza waliomheshimu, na leo iko kwa makumbusho huko Louisville, Kentucky. Kuna bunduki zingine za kiwanda hicho za umri ule ule. Hazina ile heshima. Tofauti si chuma. Tofauti ni kwamba inajulikana nani aliitoa, nani aliipokea, na ilifanya nini.

Na karatasi inabadilisha hata maana. Hizo bunduki za bomba la maji za Mau Mau ziko London pia, Imperial War Museum na National Army Museum. Kule zilifika kama silaha zilizotekwa kwa adui. Huku kwetu ni ushahidi wa watu waliokataa kukaliwa. Bomba ni lile lile. Anayeandika kile kikaratasi kando yake ndiye anaamua utatoka hapo ukiwaza nini. So kama hatuandiki zetu, kuna mtu atatuandikia.

Na ukienda, inabaki na nani?

Hapa kuna mzae lazima umjue. Ushawahi ngojea mtu Archives, pale Moi Avenue? Bila shaka. Nusu ya madeti ya Nairobi huanza hapo nje. Lakini ni wangapi washaingia ndani?

Ndani, chini hapo tu, kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi. Baba Mgoa, mama Mmaasai, alizaliwa Eldama Ravine 1911, na akawa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya 1966. Alikaa kwa hicho kiti miezi tu, akajitoa. Siasa ikabaki na wenyewe, yeye akaendelea na kile alikuwa anapenda: kukusanya Afrika. Vinyago, vitambaa, mapambo, silaha za kitamaduni, stempu, na vitabu adimu kama 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900. Swali lake lilikuwa wazi. Mkoloni alituambia hatukuwa na kitu kabla yake. Murumbi alikuwa anamjibu, kipande kwa kipande.

Alikuwa anaeza kuuzia wageni aomoke vizuri. Badala yake, miaka ya 1970 aliachia serikali ya Kenya mkusanyiko pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa mpango kwamba pale pawe taasisi ya masomo ya Kiafrika. Taasisi haikuwahi simama. Nyumba ikabomolewa. Mzee akafariki 1990, akazikwa City Park kule Parklands, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi 1965.

Nyumba ilienda, lakini vitu havikupotea, juu vilikuwa vimeandikwa na vilikuwa na mahali pa kwenda. Zingine ziko hapo Archives, zingine ziko Nairobi Gallery, ile jengo ya 1913 pale Kenyatta Avenue inakutana na Uhuru Highway. Na cheki hii: hiyo jengo ndio zamani walikuwa wanaandikisha watu wakizaliwa, wakioa na wakifa. Leo inatunza vitu vya mtu aliyekataa Afrika ifutwe.

So wewe ufanye?

Hata kama huna na hutawahi kuwa na bunduki, na tafadhali usitafute moja, hii kitu inakuhusu. Labda unaweka jezi za Gor ama Ingwe, santuri za mzae, simu za kabambe, noti za kitambo. Jiulize vitu vinne:

1. Hivi vitu vinajibu swali gani? Kama jibu ni "niko nazo mob", hilo ni rundo.
2. Nikitoa moja, kuna pengo? Kama hakuna, hiyo haikuwa na kazi hapo.
3. Nimeandika? Ilitoka kwa nani, lini, wapi, aliifanyia nini. Kidaftari tu kinatosha. Muulize guka leo, si wakati wa matanga.
4. Nikiaga, inaenda wapi? Kama hakuna anayejua, inaenda kwa wa vyuma kuukuu, inapimwa kwa kilo.

Kwa bunduki hayo maswali ni mazito zaidi, juu chuma ikipoteza story yake haikai tu kwa kabati ikingojea vumbi. Inatafuta mkono. Hizo 10,394 za Ngong kila moja ilikuwa imepata wake kabla ifikie moto.

Siku nyingine ukingojea mtu Archives na amekuambia "niko karibu kufika" akiwa bado Kangemi, usisimame kwa jua. Ingia ndani. Una saa nzima.