Kinyesi Kama Shahidi: Homoni za Uzazi za Mbwa Mwitu

Alfajiri, kundi la mbwa mwitu linapoamka na kujinyoosha kabla ya kwenda kuwinda, wengi wao hujisaidia papo hapo. Mtafiti aliyemo ndani ya gari huandika ni mnyama yupi aliyechuchumaa wapi, akimtambua kwa mabaka ya manyoya yake, ambayo hayafanani na ya mwingine. Husubiri kundi liondoke, kisha hushuka na kuokota kilichoachwa. Wapo watakaokunja pua. Lakini kwa njia hiyo, katika miaka ya 1990, Scott Creel, Nancy Creel na wenzao walichunguza homoni za mbwa mwitu wa Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania, bila kuwatoa damu.

Swali lao lilihusu uzazi. Katika kundi la mbwa mwitu kwa kawaida huzaa jike mmoja tu, yule anayewatawala wenzake. Majike wengine, ingawa wamepevuka, huwinda na kurudi pangoni kuwatapikia nyama watoto wasio wao. Je, miili yao haiwezi kuzaa, au yaweza ila huzuiwa?

Jibu limo katika damu, ambamo homoni, yaani kemikali zitolewazo na tezi ili kuongoza kazi za viungo vingine, husafiri. Lakini ili kupata damu ya mnyama wa porini ni lazima alazwe kwa dawa ya usingizi, na fadhaa ya kukamatwa huweza kuvuruga homoni zenyewe zinazotafutwa. Tena tone la damu hueleza hali ya dakika ile tu, ilhali mzunguko wa uzazi hudai vipimo vingi kwa majuma kadhaa.

Homoni za uzazi, kama vile estrojeni, projesteroni na testosteroni, zikisha kufanya kazi yake hubadilishwa na ini na kutupwa nje kwa mkojo, au kwa nyongo inayomwagika matumboni. Wanyama wa jamii ya paka hutoa karibu zote kwa kinyesi. Kwa kuwa kinyesi hukusanya mabaki ya saa nyingi, hakionyeshi msukosuko wa dakika moja bali wastani wa muda uliotangulia. Kasoro yake ni kwamba bakteria waliomo huendelea kuyavunja mabaki hayo. Kwa hiyo sampuli haina budi kugandishwa, kukaushwa au kutiwa katika alkoholi mapema.

Upimaji wenyewe umejengwa juu ya mbinu ya Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani, iliyobuniwa miaka ya 1950 na kumpatia Yalow Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Mwalimu anaweza kuieleza kwa mfano wa viti. Kingamwili ni viti vichache ambavyo huweza kukaliwa na homoni ya aina moja tu. Mpimaji huingiza kiasi maalumu cha homoni zilizotiwa alama ya mnururisho, zikagombea viti hivyo pamoja na homoni za sampuli. Mnururisho unaobaki vitini ukiwa mdogo, ni dalili kwamba homoni za mnyama zilikuwa nyingi na zimewahi nafasi. Siku hizi maabara nyingi hutumia kimeng'enya chenye kuleta rangi badala ya mnururisho.

Matokeo ya Selous yalichapishwa mwaka 1996 na 1997. Majike watawala walikuwa na estrojeni nyingi kuliko walio chini yao. Tofauti, basi, haikuwa ya tabia peke yake. Lililoshangaza zaidi lilihusu homoni za dhiki, jamii ya kotisoli. Kutokana na wanyama waliofungiwa, ilidhaniwa kwamba wanyonge hawazai kwa sababu ya dhiki ya kuonewa. Kinyesi kilionyesha kinyume: wenye kutawala, madume kwa majike, ndio waliokuwa na homoni nyingi za dhiki.

Kipimo hicho kiliingia pia katika mabishano makali. Kufikia mwaka 1991 makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakichunguzwa Serengeti yalikuwa yametoweka. Wengine walilaumu kichaa cha mbwa. Wengine walidai kwamba watafiti wenyewe, kwa kuwalaza wanyama na kuwavisha mikanda ya redio, waliwatia dhiki iliyodhoofisha kinga yao. Lilikuwa shtaka zito. Wanyama waliovishwa mikanda Selous walipolinganishwa na wenzao, kinyesi hakikuonyesha dhiki ya kudumu. Ushahidi huo una uzito, ingawa haukutoka kwa makundi yaliyopotea.

Kinyesi nacho hakijui yote. Kwa duma, projesteroni ikibaki juu kwa takriban miezi mitatu ni mimba. Ikishuka mapema, karibu na mwezi wa pili, ni mimba ya bandia. Kwa jamii ya mbwa hali ni ngumu zaidi, maana jike asiye na mimba huweza kuwa na projesteroni nyingi kwa muda unaokaribia ule wa mwenye mimba. Hapo mtafiti hurudi kwenye darubini yake, akae mbali na pango, angoje watoto watokeze.