Mayday si Mei Mosi

Nikiliandika neno "mayday" ubaoni, hakosi kijana wa kuuliza kama siku hiyo kuna mapumziko. Simlaumu. Kwetu tarehe 1 Mei ni Mei Mosi, siku ya maandamano ya wafanyakazi na fulana mpya, na Waingereza nao siku hiyo huiita kwa matamshi hayohayo, ila huandika maneno mawili. Langu huandikwa moja. Likisikika redioni, kila aliye karibu anatakiwa aache alichokuwa akisema, maana kuna watu wanaokaribia kufa.

Nafundisha mabaharia Kiingereza cha redio. Sarufi siihangaikii sana. Nawapa maneno machache ya kusema usiku, upepo ukivuma na koo limekauka, na kinachonitoa jasho darasani ni adabu waliyolelewa nayo.

Zamani za telegrafu alama ya hatari ilikuwa SOS: nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu. Hazikuwa kifupi cha maneno yoyote, zilichaguliwa kwa sababu mlio wake haufanani na mwingine. Watu walipoanza kuzungumza redioni kwa mdomo, herufi S ikaleta taabu, kwani katikati ya mikwaruzo huisikii vizuri. Miaka ya 1920 Frederick Stanley Mockford, ofisa wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon, kusini mwa London, akatakiwa atafute neno ambalo rubani na watu wa chini wangelielewa papo hapo. Ndege nyingi za pale zilikuwa zikienda na kurudi Le Bourget, Paris. Basi akachukua sauti ya Kifaransa, m'aider, yaani kunisaidia, akaivalisha matamshi ya Kiingereza. Mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Washington mwaka 1927 ukalipitisha.

Lina mdogo wake, "pan-pan", naye ana damu ya Kifaransa, kutoka panne, kuharibika kwa mtambo. Huyu ni wa haraka lakini si wa kifo. Injini imezima, bahari shwari, nanga imeshika: pan-pan. Injini ileile imezima na mawimbi yanawasukuma mwambani: mayday. Moto melini hauna mjadala. Abiria aliyevunjika mguu ni pan-pan. Kwa mgonjwa anayetapika damu darasa hugawanyika, na mimi huwaacha wabishane kwanza, kwa sababu huko baharini watabishana hivyohivyo. Kisha nawaambia: ukiwa na shaka kama mtu wako atafika alfajiri akiwa hai, taja kubwa.

Neno hutajwa mara tatu. Sababu mojawapo ni kelele. Nyingine ni kutofautisha anayeomba msaada na anayesimulia tu kwamba fulani ameomba msaada. Kisha jina la chombo mara tatu, kisha mahali ulipo, ndipo useme kilichotokea, msaada unaotaka na idadi ya watu. Mahali hutangulia kisa. Vijana wangu hawalipendi jambo hili hata kidogo, kwani sisi kisa hukianzia mwanzo: tulitoka bandarini asubuhi, hali ilikuwa nzuri, mara tukasikia mlio. Redio ikikata hapo kwenye mlio, mwokoaji atakuwa anajua habari za asubuhi yenu na hajui pa kuwatafutia.

Adabu ndiyo mbaya zaidi. Katika zoezi moja niliwapa meli inayozama. Kijana mmoja, hodari kwa kila kitu, alianza kwa kumwamkia nahodha wa meli ya jirani, akamtaka radhi kwa usumbufu, akasema wana shida kidogo ya maji.

"Maji kiasi gani?" nikamuuliza.

"Ni mpaka magotini, Mwalimu."

Darasa lilicheka, naye akacheka. Lakini sikiliza watu wazima wanavyozungumza. Mzee aliyelazwa wiki nzima atakwambia anaumwa kidogo. Anayetaka kukopa fedha nyingi atakuja na hodi, shikamoo na habari za watoto. Nyumbani ni tabia njema, na mwenye kusikia anajua kujazia yasiyosemwa. Redioni hakuna wa kukujazia.

Wasije wakadhani ni udhaifu wa Waswahili peke yetu, nawapa kisa cha Avianca 52. Tarehe 25 Januari 1990 Boeing 707 ya shirika hilo la Kolombia iliondoka Bogotá, ikapitia Medellín kwenda New York. Kaskazini mashariki mwa Marekani hali ya hewa ilikuwa mbaya na ndege zilirundikana angani. Avianca ikaamriwa izunguke ikisubiri, mara tatu, jumla dakika 77, mafuta yakiungua. Ilipotakiwa kusubiri zaidi, rubani msaidizi, aliyekuwa akishika redio, alisema anadhani wanahitaji "priority". Alisema pia wanaweza kusubiri dakika kama tano tu, na kwamba Boston, kiwanja chao cha akiba, hawakifikii tena.

Ukisoma maneno hayo leo nywele zinasimama. Usiku ule hayakumshtua mtu. "Priority" kwa waongoza ndege ni ombi la kufikiriwa kwanza, halimfungi yeyote. Habari ya Boston haikumfikia mwongozaji aliyewapokea baadaye. Wakajaribu kutua, upepo ukawavuruga, wakapanda tena. Nahodha akamwambia msaidizi wake kwa Kihispania awaarifu kwamba wako katika hali ya dharura. Msaidizi akasema redioni kwamba watajaribu tena, na kwamba mafuta yanawaishia. "Emergency" hakulitamka, wala "mayday". Dakika chache baadaye mwongozaji akamwambia atawapeleka mbele kidogo kisha awageuze, akauliza kama mafuta yanaruhusu. Jibu likawa la mtu mstaarabu: nadhani yanaruhusu, asante sana.

Injini zikazima moja baada ya nyingine. Ndege ikaangukia kilima chenye miti katika kijiji cha Cove Neck, Long Island. Haikuwaka moto, kwa kuwa hapakuwa na mafuta ya kuwaka. Kati ya watu 158 waliokuwemo, 73 walikufa.

Wachunguzi wa Marekani waliwatia makosani marubani kwa kutosimamia mafuta na kutotangaza dharura, wakagusia pia mpango mbovu wa msongamano na kukosekana kwa maneno ya pamoja kuhusu uhaba wa mafuta. Hilo la mwisho ndilo linalonihusu mimi. Leo maneno yapo. "Minimum fuel" maana yake siwezi kucheleweshwa zaidi. "Mayday fuel" maana yake natua sasa. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, nalo limeweka kipimo cha lugha ambacho marubani na waongozaji wa safari za kimataifa sharti wakifikie. Vizuri. Ila nashuku kama mtihani wowote wa Kiingereza ungemsaidia yule msaidizi. Kiingereza alikuwa nacho. Aliogopa, nadhani, kuonekana anapiga kelele.

Kwa hiyo darasani kwangu tunapiga kelele. Dirisha likiwa wazi wapita njia hutushangaa.

Ikiwa wewe si baharia lakini hupanda boti, jua kwamba penye hatari ya kweli hakuna atakayekuuliza leseni ya redio. Ukikuta nahodha ameumia, tafuta chaneli 16, bonyeza kitufe cha pembeni cha kipaza sauti, taja neno mara tatu, jina la boti mara tatu, mlipo, kilichowapata, mko wangapi. Huna vipimo vya ramani? Sema mlikotoka, mlikokuwa mkielekea na mmekwenda kwa muda gani. Kisha achia kitufe. Wenye hofu hukibana bila kujua, na mtu akikibana hasikii anayemjibu.