Spini ya kwaki si mzunguko wa pia

Mwanafunzi mmoja hapa Kisumu aliniletea makala ya sayansi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilisema kwamba kwaki, chembe zinazounda protoni na nyutroni, 'huzunguka'. Akauliza: "Prof, nani aliziona zikizunguka?" Swali lilinikosesha raha. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la neno.

Hakuna aliyewahi kuiona kwaki ikiwa peke yake. Lakini hebu simama ufuoni Dunga usiku. Mashua za wavuvi wa omena huzioni, unaona taa. Kwa jinsi taa zilivyotawanyika ziwani, unajua mashua zimeelekea wapi. Wanafizikia nao hufanya vivyo hivyo.

Elektroni na pozitroni zikigonganishwa, huangamizana, na nishati yake huweza kuzaa kwaki na antikwaki, kila moja ikikimbilia upande wake. Kwa kuwa kwaki haiwezi kubaki peke yake, kila moja huzaa kundi la chembe nyingine zinazofuata mwelekeo wake. Kundi hilo ndilo ninaloliita mchirizi.

Sasa je, spini hupimwaje? Kwa kuhesabu michirizi katika kila pembe. Nadharia inasema kwamba kama spini ya kwaki ni nusu, michirizi iliyo karibu na mstari wa miale itakaribia kuwa mara mbili ya ile ya pembemraba. Kama ni sifuri, karibu na mstari huo haitaonekana kabisa. Mwaka 1975, Gail Hanson na wenzake, wakitumia mashine ya SPEAR kule California, walichapisha ushahidi wa michirizi, na mtawanyiko wake ukaafikiana na nusu.

Turudi kwenye lugha. Pia ikizunguka, hupungua kasi hatimaye ikaanguka. Spini ya kwaki haipungui wala haiongezeki. Ni nusu ile ile daima. Ndiyo maana napendekeza tuseme 'spini', si 'mzunguko'. Wapo watakaolalamika eti tunakopa mno. Lakini hata Murray Gell-Mann, aliyezipa kwaki jina mwaka 1964, tahajia yake aliitoa katika riwaya ya James Joyce, *Finnegans Wake*, isiyohusu fizikia hata kidogo.

Neno geni humlazimu msomaji aulize maana. Neno alilolizoea humfanya adhani ameshaelewa. Mwanafunzi wangu aliuliza. Je, wangapi walisoma makala ile wakanyamaza?