Dawa Ikikwama Kabla ya Ncha ya Mzizi

Mchenjuaji wa marudio (mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza) kule machimbo ya Nyarugusu anajua kwamba sianidi haina kazi isipogusana na dhahabu. Tangi likijaa udongo mfinyanzi, dawa hutafuta njia ya mkato pembeni na dhahabu hubaki humo humo. Daktari wa meno wa Geita au Kahama ana kesi hiyohiyo, ila tangi lake ni mfereji wa mzizi wa jino, ambao nchani kwa kawaida haufiki hata nusu milimita kwa upana.

Machimboni, tiba iliyozoeleka ya jino bovu ni koleo. Lakini hata jino lililooza kiini linaweza kudumu kinywani kwa miaka mingi, mradi mizizi yake isafishwe na kuzibwa. Wengi hudhani kazi hiyo hufanywa na zile tupa nyembamba anazozungusha daktari. Sivyo. Vipimo vya picha za eksirei za tabaka vimeonyesha kuwa theluthi moja au zaidi ya kuta za mfereji haiguswi na tupa kabisa. Tupa huchonga njia. Anayesafisha ni dawa.

Dawa yenyewe ni haipokloraiti ya sodiamu, ndugu wa Jik ya kufulia (usiijaribu nyumbani, tafadhali). Huua bakteria na kuyeyusha nyama iliyooza. Tatizo ni kuifikisha. Ukuta wa mzizi umejaa vijitundu vyenye upana wa mikromita moja hadi mbili na ushee, maelfu kwa maelfu katika kila milimita ya mraba, na bakteria hujificha humo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, dawa ya asilimia 1 iliyokaa dakika 2 iliingia mikromita 77 tu. Ya asilimia 6, ikiwa na joto la nyuzi 45 kwa dakika 20, ilifika 300. Tena tupa huacha tope linaloziba vijitundu hivyo, ndiyo maana hutumika pia kemikali ya EDTA ya asilimia 17, kwa dakika moja hivi, kulitoa.

Adui mwingine ni hewa. Sindano yenye tundu ubavuni husukuma dawa kama milimita moja tu mbele ya ncha yake. Chini yake povu hunasa na dawa haifiki. Mashine za mawimbi ya sauti hulivunja, lakini zina bei. Mimi kwa kliniki ya Katoro ningeanza na gutapacha, kile kijiti cha waridi ambacho daktari tayari anacho cha kuzibia mzizi. Kikienea vizuri mferejini, hupandishwa na kushushwa milimita mbili tatu, takriban mara 100 kwa dakika. Dawa hulazimika kupenya kati ya kijiti na ukuta, na hewa hutoka.

Ila dawa isivuke ncha ya mzizi. Ikivuka huunguza nyama, na uso huweza kuvimba ndani ya dakika chache. Kwa hiyo sindano huishia milimita moja au mbili kabla ya mwisho, bila kubana, na bomba hubonyezwa kwa kidole cha shahada, kwa kuwa gumba lina nguvu mno.