Kuteleza Majini kwa Ubao Mmoja: Hesabu za Mchezo na Tahadhari Zake

Mtoto arushapo kijiwe bapa juu ya lambo, kijiwe hudunda mara tatu au nne kabla ya kuzama. Akikirusha polepole, huzama papo hapo. Maji ni yale yale na kijiwe ni kile kile. Kilichobadilika ni kasi. Juu ya msingi huo umejengwa mchezo wa kuteleza majini, ambamo mtu husimama juu ya ubao mwembamba uitwao skii na kuvutwa kwa kamba na mashua ya injini. Wanaoanza hutumia skii mbili. Waliokwisha kuzoea hutumia moja tu, wakiyakata maji kwa kupinda kushoto na kulia. Mtindo huu wa pili huitwa slalomu, neno lenye asili ya Kinorwe ambalo kwanza lilitumika kwa watelezaji wa kwenye theluji.

Katika Afrika Mashariki mchezo huu umechezwa kwa miaka mingi kwenye hori za pwani ya Kenya, kama vile Kilifi na Mtwapa, na katika Ziwa Naivasha. Nyanda za kati za Tanzania hazikujaliwa maji mengi ya namna hiyo. Hata hivyo, kusini-magharibi ya Kibakwe, katika Wilaya ya Mpwapwa, limetanda Bwawa la Mtera, ambalo likijaa hufunika kilometa za mraba zipatazo 600. Mtu aliyeuona mchezo huo pwani, akisimama ukingoni mwa Mtera, aweza kudhani kwamba kinachokosekana ni mashua na kamba tu. Dhana hiyo ina hatari, na sababu zake zafaa kuelezwa.

KWA NINI MTELEZAJI HAZAMI

Ubao ukivutwa huku ncha yake ya mbele imeinuka kidogo, huyasukuma maji kwenda chini na mbele. Maji nayo huusukuma ubao kwenda juu, kwa mujibu wa kanuni ya Newton kwamba kila kani hujibiwa kwa kani iliyo sawa nayo na iliyo kinyume chake. Kani hiyo ya kuinua huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, na eneo la ubao na mwinamo wake visipobadilika, kani huwa mara nne. Ndiyo maana mtelezaji huanza akiwa amezama hadi kifuani, kisha huinuka taratibu, na hatimaye husimama juu ya maji kana kwamba yamegeuka sakafu. Ndege za maji za Imperial Airways, zilizotua katika bandari ya Dar es Salaam tangu 1937, zilitumia kanuni hiyo hiyo kuinua matumbo yao kabla ya kuruka.

Umuhimu wa mwinamo ulidhihirishwa na kijana wa Kimarekani, Ralph Samuelson, katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, mwaka 1922. Alijaribu kwanza mbao za pipa, kisha skii za theluji, na kila mara alizama. Alipotengeneza mbao pana zaidi zenye ncha zilizopindwa juu, akaegemea nyuma ili ncha hizo zitokeze nje ya maji, alisimama. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Skii moja ina eneo dogo kuliko skii mbili. Ili ibebe uzito ule ule, hapana budi kasi iongezwe. Mtu mzima anayejifunza kwa skii mbili huhitaji kama kilometa 30 hadi 35 kwa saa. Kwa skii moja, kama 40 hadi 45, na mwenye uzito mkubwa huhitaji zaidi. Kwa kasi hiyo maji hayapati nafasi ya kumpisha anayeanguka. Humpokea kwa ugumu ambao muogaji wa kawaida hajapata kuujua.

HESABU ZA SLALOMU

Njia ya mashindano ina urefu wa meta 259. Mashua hupita katikati bila kupinda, na mtelezaji huzunguka maboya sita, matatu kila upande, yaliyo meta 11.5 kutoka mstari wa kati. Mashua inayokwenda kwa kasi ya juu inayoruhusiwa kwa wanaume, yaani kilometa 58 kwa saa, humaliza njia nzima kwa sekunde 16 hivi. Kwa wanawake kasi hiyo ni kilometa 55.

Kati ya boya na boya mashua huenda meta 41. Mtelezaji, kwa kuwa lazima pia avuke meta 23 kwenda upande wa pili, huenda zaidi ya meta 47 kwa muda ule ule. Basi huyu anayevutwa huenda mbio kuliko kinachomvuta, na bingwa avukapo nyuma ya mashua hupita kilometa 80 kwa saa. Baharia wa ngalawa hatashangaa: chombo kinachokata upepo mshazari huweza kwenda mbio kuliko kinachosukumwa na upepo kutoka nyuma. Mtelezaji huulaza ubao kwa ubavu, ukingo wake ukauma maji, na mvuto wa kamba ukageuzwa kuwa mwendo wa kwenda kando.

Kila afaulupo, kamba hupunguzwa. Huanza na meta 18.25, kisha 16, 14.25, 13, 12, na 11.25. Hapo kamba imekuwa fupi kwa sentimeta 25 kuliko umbali wa kutoka mstari wa kati hadi kwenye boya. Pengo hilo hujazwa na mkono ulionyooshwa na kiwiliwili kilicholala karibu na uso wa maji. Mabingwa wamefika hata kwenye kamba ya meta 9.75.

MASHAURI KWA ANAYEANZA

Anayeanza asifikirie maboya. Kwanza ajue kuogelea, na avae jaketi la kuokolea hata kama ni muogeleaji hodari, maana aliyepigwa na maji akazimia hawezi kuogelea. Kabla ya kuingia majini ajifunze mkao akiwa nchi kavu: achuchumae, ashike mpini wa kamba, na mwenziwe amvute taratibu hadi asimame. Mikono ibaki imenyooka na magoti yakunjwe kidogo. Kosa la wengi ni kuuvuta mpini kifuani. Kamba hulegea, kisha hukaza ghafula na kumwangusha mtu kifudifudi.

Akishasimama imara kwa skii mbili, ainue mguu mmoja kwa muda mfupi, kisha mwingine. Mguu anaousimamia kwa utulivu zaidi ndio utakaokaa mbele katika skii moja. Baada ya hapo ajizoeze kuvuka mawimbi yanayoachwa nyuma na mashua, magoti yakifanya kazi ya springi. Akianza kuanguka auachie mpini mara moja. Kamwe asizungushe kamba mkononi.

Ndani ya mashua wawepo watu wawili. Nahodha hutazama mbele. Mwangalizi hamwondolei macho mtelezaji. Dole gumba juu ni kuomba kasi iongezwe, na chini ni kuomba ipunguzwe. Aliyeanguka huinua mikono na kuikutanisha juu ya kichwa kuonyesha kwamba yu salama. Asipofanya hivyo, mashua imwendee bila kukawia. Injini izimwe kabla ya kumfikia, kwani rafadha, lile panga la injini lizungukalo majini, huendelea kuua hata mashua inapokwenda polepole.

MTERA SI UWANJA WA KUJIFUNZIA

Mtera ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Kituo chake chenyewe, cha megawati 80, kilianza kazi mwaka 1988. Maji yake hupanda hadi meta 698.5 juu ya usawa wa bahari, na hushuka kuelekea 690 kiangazi kinapokuwa kirefu au umeme unapohitajiwa sana. Mwaka 2006 ukame uliyapunguza kiasi cha kuleta mgawo wa umeme nchini.

Kwa mtelezaji, meta hizo nane na nusu ndizo jambo kubwa. Bonde lilipofurika, miti ilibaki humo imesimama. Kisiki ambacho mwezi Mei kiko meta 5 chini ya maji, Novemba chaweza kuwa kiasi cha shubiri moja chini ya uso, kisionekane. Aliyepima kina mwezi mmoja hana kipimo cha mwezi mwingine. Tena kuna nyavu za wavuvi, na kuna mamba na viboko. Naye anayejifunza huanguka mara nyingi, na kila mara hukaa majini akingoja mashua igeuke. Kwenye kingo zenye magugu huishi konokono wabebao vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu asimamaye majini akifunga skii zake. Hata injini huathirika: kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 7 kuliko pwani, na nguvu ya injini ya kawaida hupungua kwa kadiri hiyo.

Kwa hiyo kijana wa Kibakwe anayeupenda mchezo huu na ajifunze mahali penye walimu na maji yaliyochunguzwa. Anayeshawishika kwenda Mtera awaulize kwanza wavuvi wanaoamkia humo kila siku, wanaojua visiki viko wapi na mamba huota jua wapi. Wakimwambia kwamba hapafai, atundike kamba yake.